Tausi wa Udongo

Mwaka 1849 Herbert Minton, mwenye karakana ya vyombo vya udongo huko Stoke-upon-Trent, Uingereza, alimkabidhi usimamizi wa sanaa Mfaransa Léon Arnoux, mjuzi wa kemia, naye ndiye aliyebuni aina ile ya ufinyanzi iitwayo majolika, ya rangi nzito zing'aazo, zilizochanganywa risasi na oksidi za madini, iliyodhihirishwa katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Lakini kwangu mimi hapana kazi ya majolika hiyo ya Minton iishindayo ile ya Paul Comolera, msanii wa Kifaransa, aliyemfinyanga tausi kwa kimo cha tausi hai, mkia ukiteremka juu ya jabali. Na mmoja katika tausi hao, aliyekuwa akipelekwa Melbourne, alinusurika ndani ya sanduku lake merikebu Loch Ard ilipozama mwaka 1878, hali wanadamu waliookoka, masikini, walikuwa wawili tu.