Mlonge huimarisha damu ya kondoo, si mbadala wa dawa ya minyoo

MLONGE, mti wenye asili ya kaskazini mwa Bara Hindi unaostawi pia Afrika Mashariki, hufahamika zaidi kama mboga na tiba ya binadamu. Majani yake, yakikaushwa na kuchanganywa katika chakula cha mifugo, hutumika pia kuimarisha damu ya kondoo.

Kwa kondoo mwenye afya, chembe nyekundu huchukua asilimia 27 hadi 45 ya ujazo wa damu. Himoglobini, inayosafirisha oksijeni mwilini, huwa gramu 9 hadi 15 katika kila desilita. Viwango vikishuka chini ya hapo, mnyama hudhoofika, huchoka upesi na maziwa ya kunyonyesha hupungua.

Mwili hutengeneza himoglobini kwa kutumia protini na madini ya chuma. Majani ya mlonge yana vyote viwili, na takribani robo ya uzito wake yakiwa makavu ni protini. Faida hiyo huonekana zaidi wakati wa kiangazi, nyasi zinapokuwa duni.

Majaribio ambayo mlonge ulichukua nafasi ya sehemu ya mashudu yametoa matokeo tofauti. Katika baadhi, chembe nyekundu na himoglobini ziliongezeka. Katika mengine zilibaki katika viwango vya kawaida, ishara kwamba majani hayo hayakudhuru damu.

Hata hivyo, adui mkubwa wa damu ya kondoo katika nchi za joto ni minyoo aina ya Haemonchus contortus, wanaoishi katika tumbo la nne. Mnyoo mmoja hunyonya hadi mililita 0.05 za damu kwa siku. Kondoo mwenye minyoo 5,000 aweza kupoteza mililita 250, sawa na glasi moja, kila siku. Lishe pekee haiwezi kufidia upotevu huo.

Ndiyo maana mfugaji hushauriwa kukagua kwanza utando wa ndani wa kope. Kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ina rangi tano: nyekundu huashiria afya na nyeupe huashiria hatari. Uvimbe laini chini ya taya nao ni dalili ya kumwita daktari wa mifugo.

Tahadhari nyingine ni kutumia majani pekee, kwa kuwa mizizi na magome ya mlonge yana kemikali zenye sumu. Aidha, kondoo wasipewe mchanganyiko wa madini uliotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Shaba iliyomo hujikusanya katika ini la kondoo, na ikizidi hupasua chembe nyekundu kwa ghafla na kumuua.

Minyoo ikishadhibitiwa, majani ya mlonge huupa mwili malighafi ya kutengeneza damu mpya, kazi inayochukua wiki kadhaa.