Komunyo: Nani huikaribia meza, na kwa nini wengine hubaki vitini

KATIKA makanisa ya Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, dakika chache za Komunyo huonyesha mambo ambayo mahubiri hayayagusi. Baadhi ya waumini hupanga mstari kuelekea altareni. Wengine, watu wazima walioimba tangu mwanzo wa ibada, hubaki wameketi. Mgeni huweza kudhani kuwa hawajabatizwa. Mara nyingi sivyo.

Kwa Wakatoliki, ambao Ukerewe iko katika Jimbo la Bunda lililoundwa mwaka 2010, msingi ni Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Kanuni ya 912 yaeleza kwamba kila aliyebatizwa, asiyezuiwa na sheria, hana budi kupokewa. Mtoto hungoja hadi aelewe anachopokea. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi alitaja umri wa takriban miaka 7. Mwenye dhambi kubwa huungama kwanza, na kwa kawaida wapokeaji hufunga chakula kwa saa moja, isipokuwa maji na dawa.

Kizuizi kizito ni ndoa. Mahari ikishatolewa na wazee wakikubaliana, jamii huwahesabu wawili hao kuwa mume na mke. Kanisa, kwa Wakatoliki, hudai kiapo mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Wasiofanya hivyo huzuiwa Komunyo, ingawa hawafukuzwi kanisani. Wakikubaliana wote wawili, dawa yake ni nyepesi: hufunga ndoa kanisani. Ugumu huja mume anapokataa, au anapooa mke wa pili. Hapo mke wa kwanza ambaye ndoa yake haikufungwa kanisani huubeba mzigo wa uamuzi usio wake.

Shinikizo hilo si geni kisiwani. Aniceti Kitereza, aliyesoma katika misheni ya Kagunguli, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe. Ndani yake ndugu wa mume wanamsukuma aoe mwingine kwa sababu mkewe hajazaa.

Mwaka 2016 Papa Fransisko, katika waraka wa Amoris Laetitia, aliwataka wachungaji kupima kila hali kwa upekee wake. Maaskofu wa nchi mbalimbali waliusoma kwa namna zinazotofautiana.

Makanisa mengine yameweka uzio mahali pengine. Waanglikana, katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888, walikataa kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Mwaka 1988 walikubali abatizwe pamoja na wakeze, kwa ahadi ya kutoongeza mwingine. Kwa Walutheri, njia ya kawaida ni mafundisho na kipaimara. Wasabato huwakaribisha Wakristo wote waliojitoa kwa Kristo, baada ya kutawadhana miguu.

Mprotestanti aliye katika hatari ya kufa aweza kupewa Komunyo na padri wa Kikatoliki, endapo hawezi kumpata mchungaji wake, ameomba mwenyewe na anaikiri imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hiyo.

Kanuni ya 1116, isiyojulikana sana, yafaa kukumbukwa katika wilaya ya visiwa: mmoja wa wachumba akiwa katika hatari ya kufa, au ikitarajiwa kwamba padri hatapatikana kwa mwezi mzima, ndoa hufungwa kihalali mbele ya mashahidi wawili tu.