Kabla ya ramani, kitochi kilijuaje ulipo?

Simu ya kitochi haina ramani wala haiwasiliani na setilaiti. Hata hivyo, kila inapowashwa, kampuni ya simu hujua iko upande gani wa nchi. Haina budi kujua: aliyeko Mwanza hawezi kupokea simu inayopigwa kutoka Mtwara kama mtandao haujui minara ipi iko karibu naye. Kwa miaka mingi sasa, wabunifu wamekuwa wakitafuta namna taarifa hiyo inavyoweza kumfaa mwenye simu mwenyewe.

Usahihi wake una mipaka. Katika mfumo wa GSM, mnara hupima kiasi ambacho mawimbi ya simu yamechelewa kufika, na kipimo hicho huenda kwa hatua za takriban mita 550, hadi kilomita 35. Mjini, minara inakosongamana, mtu anaweza kukadiriwa kuwa ndani ya mitaa michache. Vijijini, mnara mmoja huweza kubeba kata nzima.

Msukumo mkubwa wa kuitumia taarifa hiyo ulitokana na dharura. Aliyepiga simu ya mezani alijulikana kwa anwani ya nyumba yake, lakini aliyepata ajali njiani akiwa na simu ya mkononi mara nyingi hakuweza kueleza alipo. Mwaka 1996 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaamuru kampuni za simu ziwapatie wapokeaji wa namba ya dharura 911 taarifa ya mahali alipo mpigaji: kwanza mnara uliobeba simu yake, na baadaye makadirio ya karibu zaidi.

Biashara nayo ikafuata. Huko New York, Dennis Crowley na Alex Rainert walianzisha Dodgeball mwaka 2000. Mtumiaji alituma meseji yenye jina la mgahawa au baa aliyopo, na rafiki zake wakajulishwa. Hapo mnara haukuulizwa kitu. Mwenye simu alijitajia mahali mwenyewe. Google iliinunua huduma hiyo mwaka 2005 na kuifunga mwaka 2009, mwaka uleule Crowley alipoanzisha huduma ya aina hiyo, Foursquare, kwa ajili ya simu janja.

Wakati Marekani wanahamia kwenye simu janja, Afrika Mashariki bado ilikuwa eneo la vitochi, na ubunifu ukaelekea huko. Kufikia mwaka 2009 wateja wa kampuni ya simu ya MTN nchini Uganda walikuwa wakitumia MTN Zone, huduma iliyopanga bei ya kupiga simu kwa kufuata mnara na saa. Asilimia ya punguzo ilijitokeza kwenye kioo cha simu. Penye mnara uliolemewa na wapigaji, punguzo lilikuwa dogo. Penye mnara wenye nafasi, likapanda. Mtu aliweza kutazama kioo, akaona bei haijamridhisha, akaahirisha maongezi hadi baadaye. Kwa simu ya bei nafuu kabisa, mahali alipo mtu pakawa na thamani inayohesabika kwa shilingi.

Mwaka huohuo, Google, MTN Uganda na shirika la Grameen Foundation walizindua huduma za meseji, mojawapo ikiwa ya kumsaidia mtu kupata zahanati au kliniki. Nchini Kenya, Su Kahumbu alibuni huduma ya iCow, ambayo pamoja na ushauri wa ufugaji ilimwezesha mfugaji kutafuta daktari wa mifugo wa eneo lake. Huduma kama hizi hazikuhitaji setilaiti. Zilihitaji orodha nzuri ya nani yuko wapi.

Mfano ulio hai zaidi uko Tanzania. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, unaanza na namba moja ya bure: 115. Mjamzito akianza kutokwa damu usiku, yeye au jirani au mhudumu wa afya hupiga namba hiyo kwa simu yoyote. Mpokeaji huuliza dalili na kijiji, kisha hutafuta kituo cha afya kinachofaa na gari la wagonjwa lililo karibu. Gari likikosekana, anapigiwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa kwenye mpango. Akishamfikisha mgonjwa, dereva hulipwa kupitia M-Pesa. Mama hadaiwi nauli, wala hatafuti mtandao wa intaneti huku akiugulia maumivu.

Mpango huo umevuka mpaka hadi Lesotho, na unastahili kuigwa kwingine, kwa sharti moja ambalo historia nzima ya huduma hizi inalisisitiza. Mnara unaweza kusema simu iko wapi, na mpigaji anaweza kutaja kijiji chake, lakini kama dereva aliyesajiliwa amebadili laini, au daktari wa mifugo amehamia wilaya nyingine, jibu litakalotolewa halina faida. Orodha inazeeka haraka kuliko mitambo. Kwa hiyo bajeti ya huduma ya aina hii haina budi kutenga mshahara wa mtu anayepiga simu kila mara kuhakiki namba hizo, sawa na inavyotenga fedha za kompyuta za kituo cha kupokea simu.