Swichi Nyingi, Kifaa Kimoja: Tulifikaje Hapa?

Leo ni historia kidogo. Ukipewa kazi ya kuweka mtandao wa ofisi kule Kitui au Makueni, utakutana na swali hili mapema: swichi nne zibaki nne, au ziunganishwe zifanye kazi kama moja?

Tuanzie 1985. Radia Perlman, akiwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni itifaki ya kuzuia mzunguko. Ukiunganisha swichi mbili kwa nyaya mbili bila kinga, ujumbe unaotumwa kwa wote huzunguka bila kikomo mpaka mtandao unalala. Dawa yake ilikuwa kuupanga mtandao kama mti na kufunga njia za ziada. IEEE iliifanya kiwango rasmi mwaka 1990. Lakini waya wa pili umeulipia, na unakaa bure ukingoja wa kwanza ukatike.

Mwaka 2000 kikaja kiwango cha 802.3ad: nyaya kadhaa zafungwa pamoja na kutumika kama mmoja. Shida ni kwamba kila fungu lilipaswa kuishia kwenye kifaa kimoja. Kifaa hicho kikizimika, kwisha.

Mwaka 2003 Cisco ilitoa Catalyst 3750 yenye StackWise. Swichi hadi tisa ziliungwa kwa duara la nyaya maalumu, gigabiti 32 kwa sekunde. Mipangilio ni mmoja, anwani ni moja, na swichi moja ni kiongozi. Kiongozi akifa, nyingine inashika usukani. Nyaya za fungu moja sasa zaweza kuingia kwenye swichi mbili tofauti, zote zikifanya kazi. Mwaka 2008 Juniper ikaleta EX4200 yenye Virtual Chassis, swichi hadi kumi, na ikaruhusu kuziunganisha hata kwa nyuzi za kioo, jengo hadi jengo.

Faida yake kwa sehemu zetu ni wazi. Fundi anayetoka Nairobi kwenda Wote anataka kuingia mahali pamoja na kumaliza, si kurudia amri zilezile mara nne.

Basi mbona tusiunge Kitui na Wote ziwe swichi moja? Hapa ndipo watu huponzeka. Tingatinga likikata nyuzi barabarani, kila upande waweza kujiona ndio kiongozi, na anwani ni ileile. Tena kosa moja la mipangilio linazima miji miwili kwa mpigo.

Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, na tangu 2013 kaunti zina serikali zake. Mtandao nao uwe vivyo hivyo: ndani ya jengo, swichi ziwe kitu kimoja. Kati ya miji, weka ruta, kila upande ujitegemee. Na kabla ya kuondoka, zima kiongozi kwa makusudi uone kama ofisi itaendelea na kazi.