Umoja na wingi katika uandishi wa kiufundi

Umoja na wingi katika uandishi wa kiufundi ni suala la kuonyesha idadi ya vitu bila utata katika miongozo ya mitambo, maelekezo ya vifaa na ujumbe wa programu za kompyuta. Katika Kiswahili idadi hubebwa na kiambishi cha ngeli (kifaa, vifaa) pamoja na upatanisho wa kisarufi.

Nomino zisizobadilika

Maneno mengi ya ufundi, hasa ya mkopo, yamo katika ngeli ya I-ZI: betri, nati, pampu, kompyuta. Umbo lake ni lilelile katika umoja na wingi, hivyo upatanisho ndio unaotofautisha. Agizo "Ondoa betri" halimwelezi fundi kama ni moja au zote. "Ondoa betri zote" humweleza. Vivyo hivyo, a-unganifu hutenganisha "kaza nati ya gurudumu" na "kaza nati za gurudumu". Vipimo hufuata mkondo huo: lita 1 ya mafuta, lita 5 za mafuta.

Baadhi ya nomino hutumika katika ngeli mbili, kama "faili hizi" na "mafaili haya". Hati moja hushika umbo moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Matumizi ya mkwaju

Kuandika "kifaa/vifaa" hulazimisha maneno yanayofuata nayo yarudiwe: "kifaa/vifaa kilichounganishwa/vilivyounganishwa". Sentensi huwa nyepesi ikitumia "kila", ambayo hufuatwa na umoja: "Zima kila kifaa kilichounganishwa." Pale ambapo kimoja kinatosha, huandikwa "kifaa kimoja au zaidi".

Katika programu za kompyuta

Ujumbe wa programu huandikwa kabla idadi haijajulikana. Kanzidata ya CLDR ya Unicode huainisha lugha kwa maumbo ya idadi: Kijapani kina 1, Kiarabu 6, Kiswahili 2. Katika Kiswahili, 1 huchukua umoja. Idadi nyingine, sifuri ikiwemo, huchukua wingi:

- Faili 1 imefutwa.
- Faili 0 zimefutwa.
- Faili 5 zimefutwa.

Kwa kuwa kinachobadilika hapa ni kitenzi, mfasiri huhitaji kupewa sentensi nzima kwa kila umbo, si nomino peke yake. Programu isiyo na nafasi ya maumbo mawili huweza kutumia muundo usiotegemea idadi: "Idadi ya faili zilizofutwa: 5".