Fremu Iliyopinda: Historia Fupi ya Pikipiki za Kiingereza katika Nyanda za Kati



Mhariri aliponiomba niandike habari ya historia kwa ajili ya mkutano wetu, nadhani alitazamia nieleze habari za walimu wetu au za mpira. Habari hizo wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nitaandika juu ya pikipiki za Kiingereza zilizopita katika barabara zetu za vumbi, jinsi zilivyoanguka, na jinsi mafundi wetu walivyozinyosha. Ni historia ndogo, lakini ina funzo, na kwa mmoja wa jamaa zangu funzo hilo liligharimu mguu.

Zilivyofika

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani. Miaka sita baadaye vita vikatufikia. Mwezi Aprili 1916 divisheni ya Jenerali van Deventer ilitoka upande wa Arusha ikaiteka Kondoa, ikakwama huko kwa mvua na maradhi, na mwishoni mwa Julai ikaingia Dodoma. Katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki Waingereza walikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini, waliopanda pikipiki aina ya BSA. Kampuni hiyo ya mji wa Birmingham ilianzishwa mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja.

Baada ya vita pikipiki zilibaki kuwa chombo cha watu wa kazi: wamisionari, maofisa wa wilaya, polisi, mabwana shamba na mabwana mifugo. Vita Kuu ya Pili vikaziongeza. BSA peke yake ilitengeneza kwa ajili ya jeshi pikipiki zaidi ya 120,000 za aina ya M20, yenye injini ya karibu cc 500, nzito na yenye subira kama punda. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa bei nafuu sehemu mbalimbali za dunia. Ndiyo maana sisi tuliozaliwa miaka ya mwisho ya ukoloni tulizijua kwa mlio kabla ya kuziona.

Halafu kulikuwa na Kongwa. Mpango wa karanga ulianza huko mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Karanga hazikupatikana za kutosha, kwani udongo ule mgumu na ukame vilivunja matrekta na majembe yake. Lakini penye vyuma vingi vinavyovunjika pana mafundi wanaojifunza. Wako vijana waliotoka Kongwa bila karanga, ila wakiwa na ujuzi wa kulehemu kwa gesi.

Barabara zetu na fremu zao

Msomaji asiyejua asidhani kwamba fremu ya zamani ilikuwa bomba moja lililokunjwa. Ilikuwa mabomba kadhaa ya chuma yaliyoingizwa katika viungo vya chuma cha kalibu, kisha shaba ya manjano ikayeyushwa ndani ya kila kiungo ili kuyashika. Kiungo kikubwa kupita vyote ni shingo, pale foki za mbele zinapoingia. Fremu nyingi za wakati huo hazikuwa na springi nyuma. Kila pigo la barabara lilipita moja kwa moja kwenye chuma.

Sasa fikiri barabara ya Dodoma kwenda Kondoa miaka hiyo. Wakati wa kiangazi uso wake ulikuwa na mikunjo kama bati, ukatikisa fremu siku baada ya siku hadi nyufa nyembamba zikaanza kwenye viungo. Palipokuwa na korongo, mchanga ulimeza gurudumu la mbele. Na usiku ng'ombe na punda hulala barabarani, kwa kuwa mchanga wa barabara una joto.

Pikipiki ikigonga kitu kwa mbele, foki hupinda kwanza. Pigo likizidi, shingo husukumwa nyuma na bomba la mbele hujikunja chini yake kidogo. Mkunjo wenyewe huweza kuwa mdogo, usionekane ila kwa rangi iliyopasuka. Lakini gurudumu la mbele limekwisha sogea, na halifuati tena njia ya gurudumu la nyuma.

Habari ya baba mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa bwana mifugo upande wa Kondoa katika miaka ya 1960, na alikuwa na BSA aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Jioni moja, akiteremka kwenye korongo, aligonga punda. Yeye aliinuka na michubuko tu. Foki zilipinda, na fremu pia.

Fundi aliyempata kwanza sitamtaja. Aliwasha moto wa gesi chini ya shingo hadi chuma kikawa chekundu sana, akapenyeza nondo, akavuta, akatazama kwa jicho moja, akavuta tena. Kisha akapaka rangi nyeusi. Tulipoiona tulisema imekuwa mpya. Baba mdogo alilipa akashukuru. Alisema tu kwamba inavuta kidogo kulia, naye akazoea kuukaza mkono wa kushoto.

Alizoea hivyo kwa miezi minane. Siku moja, mchana kweupe, barabara ikiwa tupu, shingo iliachana na bomba la juu. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake alitembea kwa fimbo.

Fremu ilipelekwa kwa mzee mmoja mjini Dodoma, mmoja wa wale waliojifunza Kongwa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule hii, nikaenda naye baba mdogo siku ya Jumamosi. Mzee hakusema neno juu ya fundi mwenzake. Aliikwangua rangi kwa kisu, akatuonyesha kiungo: ndani mlikuwa karibu pakavu. Akatueleza kwamba shaba ile huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 900. Aliyeichoma shingo ili ainyoshe aliiyeyusha shaba, ikatiririka nje, naye hakujua kwa sababu alikuwa anatazama mkunjo tu. "Mwanangu," akaniambia, "rangi haibebi mtu."

Namna alivyofanya yeye

Alivua kila kitu hadi fremu ikabaki peke yake. Alipitisha fimbo ya chuma iliyonyoka ndani ya shingo, akalinganisha na mahali pa ekseli ya nyuma, akapima kushoto na kulia. Bomba lililojikunja hakulinyosha. Alilikata, akatia bomba jingine, na ndani ya maungio akaweka kipande cha bomba jembamba ili kulitia nguvu. Viungo alivisafisha hadi vikang'aa, akatia shaba upya kwa moto wa kiasi, akaacha vipoe vyenyewe. Kuvimwagia maji, alisema, ni kuvialika vipasuke.

Mwisho, magurudumu yaliporudishwa, alifunga uzi kuizunguka tairi ya nyuma, akauvuta hadi mbele pande zote mbili. Uzi ulipoachana na tairi ya mbele kwa nafasi ileile kushoto na kulia, ndipo akasema kazi imekwisha. Uzi ule haukuzidi thamani ya senti tano.

Zilivyokwisha

Kiwanda cha BSA kilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na pikipiki za Kijapani zikashika nafasi. Hapa kwetu, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na vipuri havikupatikana. Mafundi walitoa bomba kwa hii wakatia kwa ile, na baadhi ya mashine zile zikaendelea kutembea miaka mingi baada ya waliozitengeneza kufunga milango.

Leo Dodoma imejaa bodaboda. Fremu zake nyingi zimelehemiwa moja kwa moja bila viungo vya shaba, lakini shingo ni shingo, na pigo la mbele halijabadilika. Kila wiki naona pikipiki iliyoanguka Jumatatu ikipakia abiria Jumatano, rangi yake mpya. Nikiwa na nafasi humwuliza kijana: inavuta upande? Wengi hujibu kwamba wamezoea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtakuwa mafundi na wengi wenu mtapanda vyombo hivyo, nawaachia neno moja la mzee yule: pimeni kwa uzi kabla ya kupaka rangi. Fremu ya baba mdogo ningali nayo nyumbani. Atakayependa kuiona kiungo chake na akaribie.