Tembo Huyu ni wa Nani?

  Tafadhali fungueni ramani ya Tanzania. Wekeni kidole juu ya Bagamoyo, kisha kipelekeni magharibi mpaka mfike Mpwapwa.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita njia hiyo. Wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji walivuka Marenga Mkali, nchi kavu yenye maji ya chumvi, ndipo wakafika Mpwapwa, wakanywa, wakapumzika. Pembe zilikuwa mabegani mwao. Watemi wa Ugogo waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia. Kwa hiyo babu zetu waliiona biashara ya tembo ikipita mlangoni mwao.

Sasa sikilizeni jambo hili. Katika nchi nyingi za bara siku zile, mwindaji akimwua tembo, pembe iliyolala chini, iliyogusa ardhi, ilikuwa ya mtemi, mwenye nchi. Ile ya juu ilikuwa ya mwindaji. Sisemi kwamba desturi hiyo iliwaokoa tembo. La! Bei ya pembe ilipopanda huko pwani, waliuawa wengi mno. Lakini kila mtu alijua kwamba mnyama yule ana mwenyewe, na mwenyewe alikaa karibu.

Mwaka 1889 Mjerumani mmoja, Hermann von Wissmann, alijenga ngome Mpwapwa. Miaka 7 baadaye, mwaka 1896, mtu huyo huyo akiwa gavana alitoa amri ya wanyama. Tangu hapo kuwinda kulitaka cheti cha serikali, na sehemu mbili zilifungwa wasiingie wawindaji, moja magharibi ya Kilimanjaro na moja upande wa Rufiji. Amri ilikuwa na sababu yake, maana tembo walikuwa wakiisha. Lakini mkulima hakuulizwa neno. Waingereza nao waliendelea vivyo hivyo. Afisa wao wa wanyama watu walimwita Bwana Nyama, na jina hilo laonyesha walivyofikiri: nyama zote za porini ni za Bwana.

Septemba 1961, miezi 3 kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha juu ya wanyama wa porini. (Msilichanganye na Azimio la Arusha la mwaka 1967, hilo ni jambo jingine.) Maana ya tamko lake ilikuwa kwamba wanyama hawa ni sehemu ya mali ya nchi na ya riziki yetu, na tumewekewa amana kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha Mweka, karibu na Moshi, ili Waafrika wenyewe wajifunze kazi hii. Mwaka 1964 Ruaha ikawa hifadhi ya taifa. Hayo yalikuwa mema. Hata hivyo mwanakijiji aliyekaa kando ya pori alibaki mtu wa kukatazwa tu.

Matokeo yake tuyatazame kwa hesabu. Katika pori la Selous, ambalo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mwaka 1976 kulikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufika mwaka 1989 walibaki kama 30,000. Mwaka huo serikali iliwatoa polisi, wanajeshi na askari wa wanyamapori katika Operesheni Uhai, na mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Jangili wengi walikamatwa. Lakini fikirini: askari atajuaje bunduki imefichwa nyumba gani? Ataambiwa na jirani. Na jirani ambaye shamba lake lililiwa jana atasema kwa sababu gani?

Swali hilo lilijaribiwa si mbali nanyi. Vukeni Mto Ruaha kwa kidole, mwingie Iringa, katika tarafa za Idodi na Pawaga. Miaka ya 1990 huko ulianza mpango uitwao MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Malihai ni mali iliyo hai. Wanakijiji walitenga ardhi, wakachagua vijana wao kuwa askari wa wanyama, wakauza ruhusa ya kuwinda kwa idadi iliyowekwa. Fedha zilirudi vijijini, zikasaidia shule na zahanati. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998, na kanuni za mwaka 2002, zilifungua njia hiyo kwa vijiji vingine nchini.

Je, yatosha? Mimi naona bado. Mwaka 2009 nchi nzima ilikuwa na tembo kama 109,000; mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000 tu. Kijiji kimepewa fungu, lakini mnyama bado ni wa serikali. Tembo akila mtama wako, kanuni za mwaka 2011 zakupa kifuta jasho. Akimwua mtu, wafiwa hupewa kifuta machozi. Yatazameni maneno hayo vizuri, ninyi mnaojifunza kusoma. Hayasemi fidia. Jasho hufutwa, mtama haurudi.

Kazi ya wiki hii. Mwalimu, mwulize mwanafunzi aliye mzee kuliko wote awatajie wanyama waliokuwako karibu na kijiji chenu alipokuwa mtoto. Andikeni majina yao ubaoni. Kisha wekeni alama kwa wale ambao watoto wenu wamewaona kwa macho. Halafu zungumzeni: tembo akiingia shambani usiku wa leo, mtamwita nani, naye atafika lini? Majibu yenu yaandikeni katika daftari, kila mtu kwa mkono wake. Kwaherini.